Mambo ya Nyumbani: Diski Iliyokwama Haitolewi kwa Kisu

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku litakapobisha hodi nyumbani kwako. Nalo ni diski, yaani sidii au dividii, iliyotiwa ndani ya kompyuta ikakataa kutoka.

Katika nyumba nyingi za kambini, kama vile katika nyumba za raia, kompyuta ya zamani ingali kazini. Ilinunuliwa kwa akiba ya mshahara; watoto huitumia kwa masomo, na siku ya mapumziko jamaa yote huketi mbele yake kutazama filamu. Kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kutia diski. Kampuni ya Apple ilipotoa MacBook Air mwaka 2008, kompyuta hiyo haikuwa na chombo hicho, na baadaye watengenezaji wengine nao wakafuata njia hiyo. Lakini diski zenyewe hazikutoweka. Zimo katika masanduku na makabati yetu: diski za arusi, za ubatizo na za akika, za mahafali ya watoto, na za mazishi ya wazee wetu. Katika miaka ya 2000 mpiga picha wa arusi alikabidhi kazi yake yote katika diski moja au mbili, akapokea malipo yake, akaenda zake. Mara nyingi nakala nyingine haikuwepo mahali popote.

Tuchukue mfano wa mama ambaye mume wake yuko mbali katika ulinzi wa amani huko Somalia, ambako wanajeshi wa Uganda walianza kupelekwa mwezi Machi 2007. Jioni moja watoto wanaomba kumwona baba yao. Mama anaitafuta diski ya arusi, anaitia katika kompyuta, na picha zinaanza kuonekana. Ghafla umeme unakatika. Unaporudi, kompyuta inawaka lakini diski haionekani, na kitufe cha kuitoa kikibonyezwa hakileti jibu. Mtoto mkubwa, kwa nia njema kabisa, anakimbilia jikoni na kurudi na kisu.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo hasara inapozaliwa. Diski iliyotunzwa miaka 15 huharibiwa kwa dakika mbili. Kwa hiyo tushike kanuni moja, na mashauri mengine yote yafuate nyuma yake: chombo cha kusomea diski hununuliwa dukani, lakini diski ya kumbukumbu hainunuliwi. Ikiwa lazima kimoja kiharibike, basi kiharibike chombo.

IJUE DISKI YENYEWE

Diski za namna hii ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza nchini Japani mwezi Oktoba 1982, zikiwa matunda ya kazi ya kampuni mbili, Philips na Sony. Upana wake ni sentimita 12, na unene wake ni milimita 1.2 tu. Imetengenezwa kwa plastiki ngumu iliyo angavu, na juu yake umetandazwa utando mwembamba sana wa madini unaong'aa, kisha ukapakwa rangi ya kuukinga. Mwali wa leza huipiga diski kutoka upande wa chini, hurudishwa na utando ule, na hivyo kompyuta husoma yaliyoandikwa.

Watu wengi huulinda upande unaong'aa na kuupuuza upande wenye maandishi. Kwa sidii, hilo ni kosa. Utando wenye habari umekaa karibu sana na upande wa maandishi, nao umefunikwa kwa rangi tu. Mkwaruzo wa kisu upande wa juu huweza kuung'oa utando wenyewe, wala hakuna fundi atakayeurudisha. Mkwaruzo mdogo upande wa chini, kinyume chake, huweza kusuguliwa ukapungua. Dividii ni tofauti kidogo: imefanywa kwa vibamba viwili vilivyogandishwa pamoja, na habari zimo katikati. Hata hivyo, ukiipinda au ukiingiza kitu chenye ncha ukingoni, vibamba hivyo huweza kuachana.

Yafaa kujua pia kwamba ndani ya chombo hicho, ambacho mafundi hukiita draivu, diski huzunguka kwa kasi kubwa mno. Draivu za sidii zenye alama ya 52 huweza kuizungusha diski takriban mara 10,000 kwa dakika moja. Diski yenye ufa ikizungushwa kwa kasi hiyo huweza kupasuka vipande vipande. Ndiyo maana twasema kuwa diski yenye ufa isitiwe katika kompyuta hata kidogo.

KWA NINI HUKWAMA

Kabla ya kugusa kitu chochote, sikiliza. Bonyeza kitufe cha kutolea diski mara moja tu, kisha tega sikio.

Ikiwa hakuna taa inayowaka wala sauti inayosikika, huenda draivu haipati umeme. Yawezekana waya wake umelegea ndani, hasa kama kompyuta ilisafirishwa karibuni.

Ikiwa diski inasikika ikizunguka, huenda kompyuta imeifunga kwa makusudi kwa sababu programu fulani ingali inaisoma. Kitufe hakitafanya kazi mpaka programu hiyo ifungwe.

Ikiwa mota ndogo inaguna lakini trei haisogei, au inasogea kidogo na kurudi, mara nyingi sababu ni mkanda wa mpira. Katika draivu nyingi za kompyuta za mezani, trei husukumwa na mota kwa msaada wa mkanda mdogo mfano wa mpira wa kufungia noti. Miaka ikipita, mkanda hulegea au hushika mafuta na vumbi, ukateleza. Isitoshe, diski hubanwa katikati kwa sumaku, na mkanda uliolegea hukosa nguvu za kuishinda sumaku hiyo.

Ikiwa wasikia mkwaruzo au mgongano, zima kompyuta mara moja. Huenda diski imetoka mahali pake, au zimetiwa diski mbili kwa pamoja, au karatasi iliyobandikwa juu ya diski imebanduka kwa joto na kujikunja ndani. Karatasi hizo za kubandika zimekwamisha diski nyingi. Ni afadhali kuandika juu ya diski kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

HATUA KWA HATUA

Askari yeyote aliyefunzwa anajua kwamba silaha ikikwama haipigwi ukutani. Kwanza huielekeza mahali pa salama, huondoa risasi, kisha hutazama sababu. Diski iliyokwama nayo yataka utaratibu wa namna hiyo.

Kwanza, funga programu zote zinazotumia diski, halafu ungoje dakika moja au mbili. Kisha iamuru kompyuta yenyewe iitoe. Katika kompyuta zenye Windows, fungua dirisha linaloonyesha hifadhi zote, weka mshale juu ya alama ya draivu, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague neno la kutoa diski, ambalo kwa Kiingereza huandikwa Eject.

Pili, amri hiyo ikishindwa, zima kompyuta na kuiwasha tena. Mara tu taa zinapowaka, kabla Windows haijaanza kazi, bonyeza kitufe cha draivu. Wakati huo hakuna programu iliyoishika diski, kwa hiyo mara nyingi trei hufunguka bila shida. Kwa mama yule wa mfano wetu aliyekatikiwa umeme, huenda hatua hii peke yake ingetosha.

Tatu, trei ikiwa bado imegoma, tumia kitundu cha dharura. Itazame kwa kurunzi sehemu ya mbele ya draivu. Utaona kitundu kidogo sana cha mviringo, chenye upana wa milimita moja au zaidi kidogo. Usikichanganye na tundu la vipokea sauti vya masikioni, ambalo ni kubwa zaidi. Katika baadhi ya kompyuta za mezani kitundu hufichwa na kifuniko cha mbele, nacho sharti kifunguliwe kwanza. Watengenezaji walikiweka kitundu hiki kwa ajili ya siku kama hii.

Kabla ya kukitumia, zima kompyuta kabisa na uchomoe plagi ukutani. Kama ni kompyuta ya mkononi, chomoa chaja na uondoe betri ikiwa yaondoka. Ingoje diski isimame. Kisha chukua kibanio cha karatasi cha waya, ukinyooshe mpaka upate urefu wa sentimita tano hivi, na ukiingize katika kitundu, kikiwa kimenyooka sawasawa bila kuinama juu wala chini. Utahisi kimegusa kitu. Hapo sukuma kwa utulivu.

Katika kompyuta ya mkononi, msukumo mdogo hufungua komeo na trei huruka nje kidogo kwa springi. Katika kompyuta ya mezani itakubidi kusukuma kwa nguvu zaidi kidogo, kwa kuwa unazungusha gia zinazoshusha kile kinachoibana diski. Trei itatokeza kama sentimita moja, nawe utaivuta kwa vidole polepole, ukiishika katikati. Ikikataa, isilazimishwe, rudia kusukuma kibanio kwanza.

Usitumie kijiti cha meno, kwa maana huvunjikia ndani. Usitumie sindano nyembamba, kwa maana hupinda na kupotea njia. Kisu na bisibisi viache mahali pake.

Ikiwa ulisikia mota ikiguna, na kibanio kimeifungua trei, jua kwamba ugonjwa haujapona. Fundi ataweza kuubadilisha mkanda wa mpira, au kuusafisha kwa spiriti. Asikushauri mtu kuutia mafuta, maana mkanda wenye mafuta huteleza kuliko kwanza. Mpaka utengenezwe, draivu hiyo isitiwe diski ambayo ungesikitika kuipoteza.

DRAIVU ISIYO NA TREI

Ziko draivu ambazo hazina trei, bali mwanya mwembamba unaoimeza diski. Zimo katika kompyuta nyingi za Apple za zamani na katika redio za magari. Nyingi kati ya hizo hazina kitundu cha dharura mahali panapoonekana. Diski ndogo zenye upana wa sentimita 8 zisitiwe humo kamwe, wala zile za umbo la moyo au la kadi. Hazina njia ya kurudi.

Kwa kompyuta ya Apple ya namna hiyo, izime, kisha uiwashe huku umekishikilia chini kitufe cha kipanya mpaka diski itoke. Isipotoka, rudia jambo hilo huku kompyuta ya mkononi ukiwa umeiinamisha taratibu, mwanya ukielekea chini, ili uzito wa diski wenyewe usaidie. Ukiona ukingo wa diski umetokeza, ushike kwa vidole viwili na uvute moja kwa moja.

Ikishindikana, acha hapo. Kuna watu wanaoshauri kuingiza kadi mbili au kipande cha chuma chenye gundi. Lakini ndani ya mwanya huo mna vigurudumu laini na jicho la leza, na mwenye kuingiza chuma haoni anachokigusa. Wakati umefika wa kwenda kwa fundi, na maneno ya kumwambia ni haya: "Draivu si kitu, naitaka diski nzima." Fundi mwelewa ataitoa draivu, atafungua skrubu za kifuniko chake, na kuiinua diski kwa mkono. Draivu ya nje inayounganishwa kwa waya wa yuesibii huweza kununuliwa badala ya ile iliyofunguliwa.

Nawe ukitaka kuifungua mwenyewe, ufanye hivyo tu ikiwa una ujuzi na umeme umechomolewa. Usijaribu kuiwasha draivu iliyo wazi ili utazame inavyofanya kazi. Mwali wa leza wa kusomea sidii hauonekani kwa macho, lakini waweza kuyadhuru.

IKIWA IMEVUNJIKA, AU SI YAKO

Diski ikipasuka ndani, usiiwashe tena kompyuta hiyo. Vipande vya plastiki hiyo vina makali kama ya kioo, navyo vitalimaliza jicho la leza na vidole vya mtoto. Draivu itolewe na kufunguliwa, vipande vitolewe kwa kibano, na watoto wakae mbali.

Twaongeza neno moja kwa ndugu zetu wa polisi. Diski iliyokwama katika kompyuta ya ofisi, ikiwa ni kielelezo cha kesi au ina habari za kazi, haihusiki na kibanio cha karatasi cha mtu yeyote. Zima kompyuta, andika saa na jinsi ilivyotokea, na umjulishe mkubwa wako. Kielelezo kilichotolewa na fundi wa mtaani bila kumbukumbu kitazua maswali mahakamani, hata kama hakina mkwaruzo wowote.

IKISHATOKA, KAZI NDIYO KWANZA IMEANZA

Ishike diski kwa ukingo na kwa tundu la katikati. Itazame kwenye mwanga. Ikiwa ina vumbi au alama za vidole, ifute kwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huiondolea kompyuta maneno mengi mfululizo, nao ni mgumu zaidi kusahihishwa. Uchafu ukigoma, tumia maji safi na sabuni kidogo, kisha uiache ikauke kabisa kivulini.

Halafu usiirudishe kabatini kabla ya kutoa nakala. Sidii ya kawaida hubeba megabaiti 700, na dividii ya kawaida gigabaiti 4.7. Maana yake ni kwamba flashi moja ndogo ya gigabaiti 64 yatosha kubeba dividii zaidi ya 10 za jamaa yako. Weka nakala ya kwanza katika kompyuta, na ya pili katika flashi itakayokaa mahali pengine, kwa mfano kwa bibi kijijini au kwa ndugu wa kuaminika. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, ya pili itabaki. Diski zilizoandikwa nyumbani au na mpiga picha zina rangi maalumu ndani yake ambayo huharibiwa na jua na joto. Kwa hiyo hata diski ambayo haijawahi kukwama yaweza siku moja kukataa kusomeka. Tahadhari kabla ya hatari.

Jambo la mwisho lawahusu hasa wale wanaoishi maisha ya uhamisho. Amri ikija, vitu hufungwa kwa haraka, kompyuta hupakiwa juu ya lori pamoja na magodoro na masufuria, na safari ya mamia ya kilomita huanza juu ya barabara mbovu. Kabla ya kuifunga kompyuta, fungua draivu uhakikishe kuwa haina diski ndani. Diski iliyoachwa humo huweza kurushwa kutoka mahali pake, nanyi mkifika kituo kipya mtakuta imekwama. Diski zisafiri katika vikasha vyake, zikiwa zimesimama wima ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na vyeti vya watoto.

Akina mama ambao waume zao wako zamu za mbali, na akina baba mlio likizo nyumbani, tengeni jioni moja kwa kazi hii. Toeni diski zote kabatini, zihesabuni, mwandike kila moja ina nini, kisha mzitolee nakala moja baada ya nyingine maadam draivu ingali hai. Watoto wakubwa waweza kusaidia, na katika kusaidia watawaona babu na bibi ambao hawakuwakuta.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuzihifadhi picha za karatasi wakati wa mvua.